SOMO: Una waranti ya zamani ya tiketi ya mbwa hapa Texas? Nenda mwenyewe kabla hawajakukuta barabarani

Habari zenu ndugu zangu. Hili somo nililiahidi muda mrefu, na nimeamua kuliandika leo kwa sababu wiki hii peke yake watu watatu wamenipigia simu usiku, wana hofu, na wote shida ni ile ile, tiketi ya mbwa (karatasi ya kosa unayoandikiwa kwa sababu ya mbwa) ya miaka ya nyuma imegeuka waranti ya kukamatwa na mtu hajui aanzie wapi. Naandika ya Texas kwa sababu ndiyo niliyopitia, kama uko Ohio au Minnesota uliza ya huko.

Nianze na yangu. 2016 nilikuwa nimepanga nyumba kwenye mji mmoja jirani na Dallas, ubao wa fensi ukalegea, mbwa wangu Bosi akatoka, askari wa wanyama akamkuta mtaa wa pili. Akaniandikia tiketi mbili, moja ya mbwa kuzurura bila kamba, moja ya kukosa cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Sasa mimi nimekulia Muheza, kule mbwa anafunguliwa usiku anazunguka weee, alfajiri anarudi kulala uvunguni, hakuna anayeuliza. Ile karatasi nikaichukulia kama onyo. Nikahama, barua za korti zikaenda anwani ya zamani, 2021 naenda kurenyu leseni ya gari naambiwa imezuiwa, una kesi haijafungwa. Miaka mitano nimeendesha gari na waranti kichwani na watoto wangu kiti cha nyuma. Hilo hadi leo likinijia silali vizuri.

Kwanza elewa una nini mkononi

Tiketi ya mbwa ni kosa la Daraja C, lile la chini kabisa. Adhabu yake ni faini tu, hakuna kifungo. Kwa kawaida mwisho ni $500, ila kanuni za siti, yaani mji, zinazogusa afya ya jamii zinaweza kupanda mpaka $2,000. Watu wakisikia "faini tu" wanalala usingizi. Usilale. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mama mmoja wa Lago Vista, hapa hapa Texas, aliyekamatwa kwa mkanda wa gari, kosa ambalo faini yake haizidi $50, wakasema polisi hakuvunja katiba. Kwa hiyo taa ya nyuma ikizima, ukisimamishwa, waranti ikitokea kwenye kompyuta yake, anaweza kukuchukua.

Na waranti ziko za aina mbili, hapa ndipo wengi wanachanganya. Ya kwanza inatoka kwa sababu hukutokea tarehe uliyoandikiwa, yaani hujawahi kujibu mashtaka kabisa, hiyo wanaiita waranti ya aliasi. Ya pili, kapiasi, inatoka pale ulipokwisha hukumiwa, ukapangiwa kulipa, ukaacha. Ya kwanza bado una haki zote, unaweza kukana kosa, unaweza hata kuomba baraza la wazee wa korti, juri, kwa tiketi ya mbwa, ndiyo, Texas inaruhusu. Ya pili kesi imeisha, kilichobaki ni mazungumzo ya pesa. Ukipiga simu swali lako la kwanza liwe hilo.

Na usishangae kukuta kesi zimezaa. Kutotokea kortini kunaweza kufunguliwa kama kosa lake peke yake, na waranti yenyewe huongeza ada ya $50. Mimi tiketi mbili zilikuwa kesi tatu.

Hatua ya kwanza: tafuta, ila usilipe chochote

Ingia tovuti ya mahakama ya siti iliyoandika tiketi, siyo ya kaunti unayoishi sasa. Tafuta kwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Na jaribu majina yako yote, maana sisi majina yetu wanayageuza, la baba linakuwa la kwanza, Mwanaidi anakuwa Mwana Idi, usipojikuta usishangilie haraka. Ukikosa, piga simu kwa karani.

Tovuti itakuonyesha kitufe cha kulipa. USIBONYEZE kwanza. Kwa sheria ya Texas kulipa ile faini ni sawa na kusema sipingi mashtaka, unahukumiwa hapo hapo, na kama huna uraia hiyo inabaki kwenye rekodi yako kabla hujaongea na mtu yeyote.

Halafu wale wanaopiga simu "una waranti, nunua gifti kadi utusomee namba" ni wezi, kata simu. Korti haipokei gifti kadi.

Hatua ya pili: msafishe mbwa wako kwanza

Hii watu wanairuka na kwangu ndiyo iliyofanya kazi kuliko zote. Kabla hujaenda kortini, mbwa apate chanjo ya kichaa na uchukue cheti (Texas mbwa na paka wote lazima wachanjwe wakifikisha wiki 16). Kama siti yako inadai maikrochipu, kama Dallas, au leseni ya kila mwaka, kama Houston, malizana nayo. Piga picha fensi iliyorekebishwa. Kamba na kola, weka risiti. Mwendesha mashtaka ana mafaili kibao mezani, anachotaka kujua ni kama huyu mbwa atatoka tena kesho amng'ate mtoto wa mtu. Mimi nilimwekea karatasi mbele, cheti, picha ya fensi, risiti, kabla sijaongea sana tiketi ya chanjo akaifuta.

Kama mbwa alikufa au ulimgawa, nenda na karatasi ya daktari wa mifugo au ya shelta ya wanyama.

Hatua ya tatu: nenda dirishani mwenyewe

Najua hapa ndipo miguu inakuwa mizito. Mimi nilikaa parkingi dakika arobaini. Lakini sikilizeni, tangu 2017 sheria ya Texas inasema ukijitokeza mwenyewe kabla hujakamatwa na ukaonyesha nia ya kweli ya kumaliza, hakimu ANATAKIWA kuifuta ile waranti ya kutotokea. Siyo hisani. Kwa hiyo tofauti ya kwenda leo na kukutwa kesho ni kubwa mno, ukikutwa unalala ndani, gari linavutwa, zamu ya kazi inapotea.

Nenda kortini, usiende kituo cha polisi. Nenda asubuhi siku ya katikati ya wiki, Ijumaa jioni hakimu akiwa ameondoka utarudi na waranti yako. Beba kitambulisho. Dirishani sema kwa kifupi: nina waranti, nimekuja mwenyewe, naomba kuonana na hakimu. Usianze kumhadithia karani mbwa alitokaje, hana mamlaka nayo, utamweleza mwendesha mashtaka.

Kiingereza kikiwa kigumu, omba mkalimani, ni haki yako kwenye kesi ya jinai na hulipi. Ndugu zetu wa Kongo, semeni wazi "Kiswahili cha Kongo", na kama lugha ya nyumbani ni Kinyamulenge au Kibembe sema hiyo, maana nimeona mama wa Uvira akipewa kwenye simu mkalimani wa Mombasa, wakapishana kwenye neno la tarehe, ikabidi arudi mara ya pili. Usimtumie mwanao wa darasa la sita.

Kama huwezi kabisa kwenda, wakili anaweza kusimama badala yako kwenye makosa haya ya faini, na wapo wanaoweka bondi, yaani dhamana, waranti ikatoka siku hiyo hiyo.

Hatua ya nne: mbele ya hakimu, na habari ya pesa

Omba kesi ifutwe kwanza, hasa ya zamani ambayo askari aliyeandika hayupo tena kazini. Ikishindikana omba ile ya kuahirishiwa hukumu, unapewa muda usiozidi siku 180, mbwa asitoke tena, ukimaliza kesi inafutwa.

Huna pesa? SEMA. Usikae kimya kwa aibu ukakubali malipo ambayo mwezi wa pili utashindwa, ndipo kapiasi zinapozaliwa. Hakimu anatakiwa kuuliza uwezo wako. Peleka karatasi za fudistampu (msaada wa chakula), Medikeidi (bima ya afya ya wenye kipato kidogo), vipande vya mshahara. Anaweza kukupangia kidogo kidogo, kupunguza, kusamehe, au kukupa kazi za jamii, ambapo kila masaa 8 yanafuta angalau $100, na hata darasa la GED, cheti cha sekondari cha watu wazima, linaweza kuhesabiwa.

Usitoke bila karatasi yenye muhuri inayosema waranti imefutwa. Iweke kwenye gari angalau mwezi mzima, kompyuta za polisi zinachelewa. Na leseni iliyozuiwa, uliza kuhusu OmniBase, ule mpango unaozuia kurenyu leseni kwa kesi kama hizi, ni ada ya $10, ukiwa huna uwezo inasamehewa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Furaha, Fort Worth: Jambo dada. Mimi niko na grini kadi, nataka kuomba uraia mwaka huu. Mbwa ya bwana yangu ndiyo ilitoka lakini tiketi iko kwa jina yangu. Bataniregesha Kongo?

*Jibu:* Jambo mama Furaha, pole sana. Mbwa kutoka bila kamba peke yake siyo kosa la kukuondolea makaratasi. Shida ni kukamatwa, kwa sababu jela ikichukua alama za vidole zinaweza kufika hadi kwa watu wa uhamiaji. Kwa hiyo maliza kwanza. Halafu fomu N-400, ile ya kuomba uraia, inauliza kama umewahi kukamatwa au kupewa tiketi, andika ukweli, ambatanisha nakala ya uamuzi wa korti yenye muhuri. Ila kabla hujasema "sipingi" mbele ya hakimu ongea na wakili wa uhamiaji, kwa uhamiaji hata ile ya kuahirishiwa inaweza kuhesabiwa kama hukumu. Na kama mbwa si wako mwambie mwendesha mashtaka, nenda na bwana.

Kaka wa Irving: Sasa dada, yangu ni ya 2014. Si hiyo kesi imekufa? Nilisikia ni miaka miwili.

*Jibu:* Kaka yangu, hiyo miaka miwili ni muda wa wao kufungua mashtaka. Yakishafunguliwa waranti haizeeki. Lakini uliza kwa karani mashtaka yalifunguliwa tarehe ngapi, kama yalichelewa una hoja nzuri ya kumpa mwendesha mashtaka.

Bibi Tatu: Mwanangu, nasafiri Tanga mwezi ujao kwenye arobaini ya marehemu dada yangu. Naweza kwenda nikarudi kisha nikaenda kortini?

*Jibu:* Shikamoo bibi, poleni kwa msiba. Hapana bibi, nenda kabla. Usirudi uwanja wa ndege umechoka ukiwa na waranti juu yako. Mwambie karani una safari ya msiba, onyesha tiketi ya ndege, waombe tarehe ya mapema. Jumatano sina zamu, nitakuja kukuchukua saa mbili asubuhi twende wote.

Mama Furaha: Aksanti sana dada. Na mimi Jumatano niko ofu, naweza kuwafata?

*Jibu:* Korti yako ni nyingine mama, ni siti tofauti. Bibi tukimaliza naye saa sita tunaweza kuja Fort Worth. Leta cheti cha chanjo ya mbwa, na huyo bwana.