Kuyafuata makutano ya kaunti tatu ukitokea Malindi

Mipaka ya Kilifi, Tana River na Taita Taveta hukutana nyikani, magharibi ya Malindi, upande wa Tsavo Mashariki. Anayekwenda na namba za mahali tu (latitudo na longitudo) kwenye simu huishia kusimama juu ya kichaka na kuuliza, ndiyo hapa? Mara nyingi alishakosea kabla ya kuondoka nyumbani.

Ramani za zamani za serikali za 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa kuhesabu mahali uitwao Arc 1960, na simu yako inatumia mfumo mwingine, WGS84. Kwetu huku mifumo hiyo imeachana karibu mita 300, kaskazini kwa kusini, na kama mita 100, mashariki kwa magharibi. Ukiihamisha namba ya ramani ilivyo, utafika kaskazini ya mahali penyewe, na magharibi kidogo. Igeuze kwa programu ya ramani ya kompyuta kama QGIS. Ukikosa, sogeza latitudo kama sekunde 10 kusini na longitudo kama sekunde 3 mashariki. Tena pima kwa penseli iliyochongwa: mstari wa nusu milimita ni mita 25 ardhini.

Dakika si desimali. 3°30' ni 3.5, ukiandika 3.30 umepotea kilomita 22. Na usisahau alama ya kutoa, maana tuko kusini ya ikweta. Ukiiacha, simu itakutupa kule upande wa Moyale, na mafuta yako.

Pakua ramani mapema, kwa kuwa nyikani mtandao si wa kutegemea. Omba ruhusa kwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ukiingia hifadhini, na kwa wenye ranchi ukipita kwao. Ukifika, weka simu mahali peupe dakika tano ndipo usome. Chini ya mti namba hurukaruka. Hata ikitulia, bado kuna mita tatu hadi tano za shaka, kwa hiyo zunguka ukitafuta bikoni, yaani alama ya mpaka iliyowekwa na wapima ardhi. Usidanganyike na bikoni ya shamba la mtu.

Bikoni ikipingana na simu, fuata bikoni. Kule Marekani, jiwe la makutano ya majimbo ya Arizona, Colorado, New Mexico na Utah liko kama mita 550 kutoka palipokusudiwa, lakini mpaka ni pale pale jiwe lilipo, kwa kuwa majimbo yaliukubali upimaji ule. Bikoni ipige picha, usiing'oe: kuing'oa ni kosa kisheria.

Makutano ya Lamu, Garissa na Somalia yaangalie kwenye ramani tu. Huko usalama haujatulia.