Mti wa bunduki ya kuwindia uliopasuka shingoni: namna ya kuutengeneza ukadumu

Bunduki za zamani za kuwindia zilizojengwa juu ya Mauser ya 1898, bunduki ya Kijerumani, hupasuka mahali palepale: nyuma kabisa ya mkia wa chuma (ncha ya nyuma ya sehemu ya chuma inayolala ndani ya mti), pale mti unapoanza kuwa mwembamba kuelekea shingo ya kushikia. Mwanzoni ufa ni mwembamba kama unywele. Mwenyewe hupaka gundi nyeupe ya mbao, hufunga kamba, na baada ya siku mbili huona pamekaa sawa. Kufika risasi ya tano ufa umerudi na umeongezeka urefu wa kidole. Mbao hiyo imekunywa mafuta ya bunduki kwa miaka mingi, na chuma bado kinaupigilia ufa kila silaha inapopiga teke. Mambo hayo mawili yasipotibiwa, hakuna gundi itakayoshika.

Vipimo vilivyomo humu ni vya bunduki ya 9.3x62, risasi iliyobuniwa na Otto Bock wa Berlin mwaka 1905 ili iingie kwenye Mauser ya kawaida. Mti wake ni mjozi, ambao mafundi wengi huuita walnati. Kwa bunduki za risasi kubwa zaidi, kama .375 au .416, utaratibu ni uleule, ila teke ni zito zaidi na kazi ya ovyo hujionyesha mapema.

Kabla ya yote

Toa risasi zote, toa komeo (kile chuma cha kuvuta kinachofunga chemba kwa nyuma), angalia ndani ya mtutu kwa macho na uguse chemba kwa kidole. Komeo likakae chumba kingine. Kama wewe ni fundi mbao na kibali cha silaha si chako, mwenye bunduki atoe chuma mwenyewe na akuletee mti peke yake. Kazi ya kukalisha chuma (hatua ya 4) ifanyike kwake, kwa sababu chuma kitalala ndani ya mti usiku kucha.

Hatua ya 1: Kufungua na kusoma ufa

Skrubu kubwa ni mbili, ya mbele na ya nyuma ya kinga ya kifyatulio. Zikiwa na skrubu ndogo za kuzifunga pembeni, hizo hutangulia kutoka. Tumia bisibisi inayojaza mfereji wa skrubu. Chuma kinyanyuliwe wima. Ukikitumia mtutu kama mtaimbo utavunja kingo za kitanda chake, yaani shimo la mti kinamolala.

Sasa tazama kitanda cha mkia. Ukikuta mbao nyeusi inayong'aa, iliyobanwa ikawa kama ngozi, hapo ndipo chuma kinapogonga. Tazama pia nyuma ya jino la chini, lile pande la chuma lililo mbele ya magazini ambalo kazi yake ni kupokea teke. Mbao ikiwa imesagika hapo, jino limeacha kufanya kazi na mkia umebeba mzigo usio wake.

Angalia kitu kimoja zaidi, maana wengi hukiruka: Mauser ya asili ina bomba fupi la chuma linalozunguka skrubu ya nyuma. Likipotea, kila unapokaza skrubu unaisaga mbao, mkia unazama, na shingo inapasuliwa kama kuni kwa kabari. Tafuta jingine au lichongeshe kwa fundi mashine kabla hujanunua gundi.

Hatua ya 2: Kuyatoa mafuta

Hatua hii ndiyo inayokula siku, na ndiyo inayoamua kama ukarabati utadumu. Bunduki ikisimamishwa mdomo juu, mafuta hushuka polepole, hukusanyika mkiani na kuzama ndani ya mbao. Miaka ikipita mbao hiyo huwa nyeusi na laini kama mashudu. Ukiibonyeza kwa ukucha unaacha alama.

Utahitaji lita 1 ya asetoni, nusu kilo ya unga wa chaki, brashi ngumu isiyo ya chuma, bomba la sindano la ml 5 na glavu. Chaki ninayosema ni ule unga mweupe wa kalsiamu kaboneti. Chokaa ya kupaka ukuta usiisogeze karibu: ina ukali kama wa magadi, na mjozi ukikutana na ukali huo hugeuka mweusi usiofutika. Kwa sababu hiyohiyo achana na kostiki soda na dawa za kusafishia oveni, hata ukiambiwa zinatoa mafuta haraka. Zinayatoa kweli, na zinakula nyuzi za mbao pamoja nayo.

Koroga chaki na asetoni mpaka iwe kama uji mzito. Ipake unene wa mm 5 ndani ya kitanda cha mkia, kuta za magazini, na kandokando ya ufa. Asetoni huzama na kuyayeyusha mafuta; inapotoka kwenda hewani huyavuta juu, na chaki huyanywa. Baada ya dakika 30 hadi 40 pako limekauka na limebadilika rangi, mara ya kwanza mara nyingi kahawia kama chai ya maziwa. Lisugue litoke, paka jingine. Mapako manne yakitosha umebahatika. Mbao iliyolowa sana hutaka manane au kumi, kwa siku mbili au tatu.

Kati ya pako na pako, pasha mbao joto ili mafuta ya chini yapande. Jua la saa sita kwa saa moja linatosha, au mashine ya kukaushia nywele. Utayaona yakitoka kama jasho. Yafute na urudie pako. Kipimo cha joto ni kiganja: ukishindwa kukiacha juu ya mbao umepitiliza, na mbao inaweza kufungua ufa mpya. Usitumie mashine yoyote ya umeme mbao ikiwa bado ina asetoni. Mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo tu, kwa hiyo iache hewani saa mbili kwanza, na kazi yote ifanyike nje, mbali na jiko la mkaa.

Ndani ya ufa wenyewe pako halifiki. Kata kadi ya plastiki iwe kabari nyembamba, fungua ufa kiasi cha kupitisha karatasi mbili, na mbao ikilia acha hapohapo. Ingiza asetoni kwa sindano kutoka ndani hadi itokeze nje, kisha ufunike ufa kwa chaki pande zote mbili. Asetoni huyeyusha rangi ya asili ya nje, hivyo kaa na kitambaa mkononi uifute inapotokeza.

Kosa linalorudiwa sana ni hili. Saa moja baada ya pako la mwisho mbao huonekana safi, kavu, imepauka vizuri, na mtu anatia gundi. Kumbe mafuta ya chini bado yanapanda. Iache ilale usiku mzima. Asubuhi dondosha tone dogo la maji. Likisimama kama ushanga, mafuta yapo, rudi kwenye chaki. Likizama na kuacha doa la unyevu, mbao iko tayari. Pima sehemu tatu, na mojawapo iwe ncha ya ufa. Ukiridhika, ikauke, futa mara ya mwisho kwa asetoni, subiri dakika 20, na gundi iingie saa hiyohiyo. Ukiiacha mpaka kesho utaanza kupima upya.

Hatua ya 3: Gundi na vyuma vya ndani

Epoksi ya mirija miwili, ile ya kukauka kwa saa 24. Ya dakika tano siiamini kwenye silaha: inaganda kabla haijazama. Ipashe mbao joto kidogo kwa jua, si kwa mashine, maana asetoni ingali mbichi; tandaza epoksi juu ya ufa, na uvute uzi wa kusafishia meno huku na huku ndani yake. Mbao inapopoa huinyonya gundi kwenda chini. Endelea kuongeza hadi itokeze upande wa pili.

Jiriwa usitumie. Shingo ni mviringo unaoteremka, jiriwa itateleza au itakamua gundi yote. Futa iliyomwagika, zungushia nailoni, kisha ufunge kwa vipande vya tyubu ya baiskeli vyenye upana wa mm 25, ukivivuta kila mzunguko. Tyubu hubana sawasawa kila upande, na hakuna kifaa cha dukani kinachoishinda kwa shingo ya bunduki.

Siku ya pili toboa matundu mawili ya mm 4.5 ukianzia ndani ya kitanda cha mkia, moja kila ukingo, yakielekea nyuma na kuukata ufa kimshazari. Yapishane kwa kina ili yasikutane. Funga utepe kwenye keekee kuashiria kina, na ubakize angalau mm 6 za mbao kabla ya uso wa nje. Tia epoksi, ingiza fimbo za shaba ya manjano za mm 4 zenye hesi. Kwa nje hakuna atakayeziona.

Hatua ya 4: Kumnyima mkia mzigo wa teke

Kwa patasi ya mm 6 kwangua mm 1 nyuma ya mkia, nafasi iwe wazi pande zote za nyuma. Hapo pasijazwe kitu.

Nyuma ya jino la chini ondoa mm 2 za mbao, ufike kwenye mbao ngumu. Hapo patajazwa epoksi yenye unga wa chuma. Zungushia jino utepe wa umeme tabaka moja mbele, pembeni na chini. Upande wa nyuma ubaki mtupu ili ndio pekee unaogusa. Paka chuma chote nta ya viatu isiyo na rangi mara mbili, ukiing'arisha kila mara, pamoja na hesi za skrubu. Skrubu ya mbele huingia ndani ya jino lenyewe, kwa hiyo ipake nta nayo, na uzibe kila tundu jingine kwa udongo wa kuchezea watoto. Sehemu moja ikikosa nta, chuma kitagandia. Ikitokea, weka bunduki ndani ya friza usiku mzima, kisha gonga kwa nyundo ya mpira; usitumie nguvu kabla ya baridi.

Kisha jaza epoksi nyuma ya jino na ulaze chuma mahali pake. Skrubu zikazwe kwa vidole viwili tu wakati epoksi inakauka.

Hatua ya 5: Uso wa nje

Kwenye bunduki yenye rangi ya asili na jina la Rigby au Westley Richards, watengenezaji mashuhuri wa Uingereza, ishia hapa. Msasa utaiondolea thamani kuliko ufa ulivyoiondolea.

Kwa nyingine, nyanyua mabonyeo kwa kitambaa cha pamba kilicholowa na pasi ya moto. Nyuzi zilizobonyea zitapanda, zilizokatika hazipandi. Msasa wa 220 kisha 320, daima juu ya kipande cha mbao, huku bamba la kitako likiwa limefungwa mahali pake. Usipite kwenye kingo zinazokutana na chuma.

Malizia kwa mafuta ya kitani yaliyochemshwa, matone machache yakisuguliwa kwa kiganja hadi yapate moto, mara sita hadi kumi, kila mara saa 24. Pwani wakati wa masika subiri saa 48. Paka pia ndani ya kitanda na chini ya bamba la kitako. Vitambaa vyake vitandaze nje au vizamishe majini. Vikikunjwa hujiwasha vyenyewe.

Ukifunga, anza na skrubu ya mbele. Piga risasi tano, kaza tena, kisha pitisha kipande cha karatasi nyuma ya mkia. Kisipopita, rudi na patasi kabla ya risasi ya sita.