Namna ya kupatana na ndugu aliyekukosea, nilivyojifunza kwa Miroslav Volf

Kama una ndugu yako mnapishana pale Kirumba mwaloni, soko la samaki Mwanza, kila mmoja anageukia ziwani kama hajamuona mwenzie, naomba soma hii. Mdogo wangu wa tumbo moja aliuza mashine ya mtumbwi wetu bila kuniambia, nikakaa miaka miwili sitaki hata kusikia jina lake.

Volf ni mwanateolojia Mkroatia, kazaliwa Osijek 1956, akasoma udokta Tübingen Ujerumani chini ya Jürgen Moltmann, na tangu 1998 anafundisha Yale. Mwaka 1993 vita inawaka kwao, yeye anatoa mhadhara kuhusu kumkumbatia adui, Moltmann akamuuliza je wewe unaweza kumkumbatia chetnik, yaani wale wapiganaji wa Kiserbia waliokuwa wanaua watu wake. Akajibu hapana siwezi, ila kama mfuasi wa Kristo naona ningepaswa kuweza. Jibu hilo alilibeba mpaka likawa kitabu, 1996.

Kwa hiyo anza hapo hapo, kubali kwamba huwezi. Usijilazimishe kusema yameisha wakati moyoni yanachemka. Halafu taja kosa kwa jina lake, maana Volf anasema kusamehe ni pamoja na kulilaani kosa, sasa ukisema "aah haikuwa kitu" hapo hujasamehe chochote, umefunika tu. Mimi nilisema: uliuza mali yetu wote, watoto wangu wakakosa ada.

Baada ya hapo anaeleza kukumbatiana kwa hatua nne: kufungua mikono, kusubiri, kufumba mikono, na kuifungua tena.

Kufungua mikono ni kumwonyesha kwamba nafasi yake ipo. Nenda wakati wa mbalamwezi, wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, utamkuta kakaa anashona nyavu. Usiende na kundi la watu. Msalimie kwanza, mimi nilisema "mwangaluka", salamu ya Kisukuma, nikakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, yeye akaendelea kushona bila kuinua macho, sindano inaingia inatoka.

Kusubiri ndo pagumu na ndo pa muhimu kuliko pote, huwezi kumkumbatia mtu kwa nguvu. Siku hiyo niliondoka bila jibu, mbalamwezi iliyofuata nikarudi tena, ya tatu ndo akaweka sindano chini akasema kaka niliuza kwa sababu nilikuwa na deni na niliogopa kukwambia.

Mkifumba mikono, fumba taratibu, usimbane na masharti mpaka akose pumzi. Na kuifungua tena maana yake kila mtu abaki na utu wake, sio lazima mrudi mtumbwi mmoja.

Ila kama mtu bado anakuumiza, shika hili: kwa Volf nia ya kumkumbatia haina masharti, lakini kumkumbatia kwenyewe kunasubiri ukweli na haki. Usimwambie mama anayepigwa arudi nyumbani kesho eti kasamehe, hapana jamani.

Sisi sasa tunavua mitumbwi tofauti, na hela ya mashine ananilipa kidogo kidogo kila siku za giza za kuvua dagaa zikiisha, anakuja nayo mwenyewe mpaka nyumbani, anakula ndo anaondoka.