Namna ya Kumsaidia Mwanafunzi Aliyekwama Masomoni: Mwongozo kwa Wazazi na Walimu wa Mtwara na Lindi

Mzazi anapoletewa ripoti inayoonyesha kwamba mwanawe ameshika mkia darasani, kazi ya kwanza ni kutambua mtoto alikwama wapi, kabla hata ya kumtafutia masomo ya ziada. Ripoti haisemi hilo. Mwanafunzi wa darasa la sita anayekosa kila swali la sehemu, kama nusu na robo, huenda hajui kuzidisha, na kumrudishia mada ya sehemu mara kumi hakutamsaidia mpaka arudishwe kwenye kuzidisha.

Mkalishe mahali patulivu, bila ndugu zake kumtazama, umpe asome herufi, kisha maneno, kisha aya fupi, kisha hadithi ya kiwango cha darasa la pili, na uishie pale anapoanza kubabaika. Kwa hesabu, anza na kutambua namba, kisha kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Shirika la Pratham la India limeeneza utaratibu unaotumia kipimo cha namna hii, ambapo watoto hupangwa kwa kiwango chao cha kusoma bila kujali darasa walilomo, kwa sehemu ya siku tu, na shule yenye walimu wachache inaweza kuufuata bila gharama kubwa. Kabla ya kumwita mtoto mzito, hakikisha pia kwamba anaona ubao na anasikia vizuri.

Kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza, zingatia lugha. Katika shule zetu za serikali mtoto hutoka kwenye Kiswahili na kuingia kwenye Kiingereza kwa ghafla, na wengi waliokuwa hodari hunyamaza kabisa. Mwambie aeleze mada ya baiolojia kwa Kiswahili. Akiieleza vizuri, anachohitaji ni msamiati na mazoezi ya lugha, na si haki kumhesabu kuwa ameshindwa somo.

Baada ya hapo, mzazi na mwalimu waandike mpango wa wiki sita wenye lengo moja au mawili tu, wakiutazama msimu. Msimu wa korosho, ambao huanza kushika kasi Oktoba, huwatoa watoto wengi darasani, na huko Lindi uvunaji wa ufuta nao una madai yake. Ni afadhali kukubaliana mapema kwamba mtoto ataokota korosho baada ya vipindi au Jumamosi kuliko kujifanya kwamba hataenda shambani. Kuhusu jando na unyago, familia ishikilie kwamba shughuli ziishe ndani ya likizo, na binti arudi darasani siku ya kwanza ya muhula. Wiki sita zikiisha, rudia kipimo kilekile. Asiposogea hata kidogo, muone afisa elimu maalumu wa halmashauri.

Wapo ambao shule ya kawaida imekwisha kuwapita, na hapa ndipo njia mbadala zinapohitajika. Mtoto ambaye hakusoma msingi au aliacha mapema ana MEMKWA, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, ambao Masasi ilikuwa miongoni mwa wilaya tano za majaribio yake yaliyoanza mwaka 1999. Mdogo hurejeshwa kwenye darasa la kawaida, na mkubwa huandaliwa kwa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Aliyekatiza masomo, akiwamo binti aliyepata ujauzito, anaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi tangu tamko la serikali la Novemba 2021, hivyo mzazi asikubali kuambiwa kwamba mlango umefungwa. Asiyeweza kurudi aulize kwenye kituo cha mkoa cha Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, au kwenye vyuo vya maendeleo ya wananchi kama Masasi, Newala na Kilwa Masoko. Mama mwenye mtoto mchanga aulize kwanza kama kuna mahali pa kumlaza mtoto wakati wa vipindi, kwa kuwa jambo hilo ndilo huamua kama atamaliza. Kijana anayependa kazi za mikono aende kwenye chuo cha ufundi cha VETA kwa moyo mkunjufu. Anayempeleka huko kama adhabu anamharibia.

Kabla ya kulipa ada popote, uliza kama kituo kimesajiliwa, nani hufundisha hisabati, na mtihani utafanyikia wapi. Anayeanza sekondari nje ya shule ya kawaida hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa, maarufu kwa jina la QT, ndipo afanye ule wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili wa mitihani hiyo hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, kwa hiyo fedha yake itengwe mara tu malipo ya korosho yanapoingia, kabla sherehe za Desemba hazijaimaliza.