Jinsi ya kuomba usajili wa pikipiki uliyoiunda mwenyewe

Anza na karatasi kabla hujawasha grainda. Nenda ofisi ya usajili na mchoro wa unachotaka kuunda, uulize: hii itahesabika ni pikipiki ileile iliyobadilishwa, au chombo kipya? Mara nyingi jibu hutegemea fremu. Ukiiacha ya kiwandani kama ilivyo, huenda ukajaza fomu ya mabadiliko tu. Ukichomelea mpya, jiandae kwa ukaguzi kamili na namba mpya. Jibu hilo liombe kwa maandishi, maana ofisa utakayemkuta mwakani si lazima awe huyuhuyu.

Kisha fungua faili: kadi ya pikipiki iliyotoa fremu, hati ya mauziano ya injini yenye namba yake, risiti za vipuri vikubwa, picha za kila hatua. Injini isiyo na karatasi iache hapohapo dukani, hata ingurume vizuri namna gani.

Namba ya chasisi kwa kawaida imegongwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapoingia. Pikipiki nyingi za tangu miaka ya 1980 zina namba ya herufi na tarakimu 17, na humo hakuna I, O wala Q. Ukidhani umeona O, andika sifuri. Usiisage wala kuigonga upya, utaonekana mwizi. Hata rangi ni mtego: yangu niliipaka nene, mkaguzi akapitisha kidole gumba shingoni, akanirudisha nyumbani nikakwangue. Siku hizi nabandika utepe juu ya namba kabla ya kupuliza rangi.

Kwenye fomu, ukubwa wa injini usiuotee, hasa kama silinda imechongwa. Chukua kipenyo cha silinda kwa sentimita, kizidishe kwa chenyewe, kisha kwa 0.7854, kwa mwendo wa pistoni (umbali inaopanda kutoka chini hadi juu, nao kwa sentimita), na kwa idadi ya silinda. Injini ya silinda moja yenye kipenyo cha 5.65 na mwendo wa 4.95 ni cc (sentimita za ujazo) 124. Ichonge hadi 5.8, inakuwa 131, na pengine umeshavuka daraja la leseni yako.

Siku ya ukaguzi ibebe kwenye gari, isipokuwa umepewa kibali cha muda. Wataangalia breki, taa, indiketa, honi, vioo na matairi. Taa ya breki iwake kwa breki ya mkono na ya mguu pia. Watu husahau ya mguu. Nyumbani, washa injini ikiwa kwenye stendi, uugeuze usukani kulia na kushoto hadi mwisho. Mlio ukipanda wenyewe, waya wa mafuta ni mfupi au umebanwa. Rekebisha kwanza.

Ukifaulu, kata bima, lipa ada, chukua kadi. Kabla hujaondoka dirishani, linganisha namba iliyochapwa na picha ya shingo ya fremu iliyo kwenye simu yako, tarakimu moja moja.