Kutua nyuma ya jeti inayoruka: hatua kwa marubani wa ndege ndogo

Nawaandikia wenzangu wa Caravan na Cessna 172 mnaoshuka Uwanja wa Julius Nyerere huku Dreamliner, jeti kubwa ya Boeing 787, ikianza kukimbia mbele yenu. Ndege hiyo ni ya daraja zito, kilo 136,000 na zaidi. Caravan ni kama 4,000 tu. Hewa inayozunguka kutoka ncha za mabawa yake inaweza kukulaza ubavu, na usukani wote ukashindwa kukurudisha.

Hatua ya 1: Tazama pua yake. Mizunguko hiyo ya hewa huanza mabawa yanapoibeba ndege, yaani pua inapoinuka. Ukiwa fainali, yaani umenyooka na barabara ukishuka kutua, shika alama iliyo usawa wa hapo: mchepuko wa kutokea, kibao, chochote usichokipoteza.

Hatua ya 2: Gusa chini mapema kabisa kabla ya alama hiyo. Barabara ya kurukia 05/23 (namba za mielekeo yake miwili) ni ndefu, na Caravan haihitaji hata robo yake. Nafasi ipo. Kinachotuponza ni mazoea ya kutua mbele ili kufupisha mwendo wa kwenda kuegesha. (Jeti ikiwa inatua, kanuni hugeuka: kaa juu ya njia yake, uguse mbele ya ilipogusa.)

Hatua ya 3: Soma upepo, na hapa usiharakishe. Mizunguko hushuka futi mia kadhaa kwa dakika. Ikikaribia ardhi huachana, mmoja kushoto, mwingine kulia, kwa noti 2 au 3 (maili za baharini kwa saa). Sasa kusi ikivuma taratibu kutoka kulia ukitua kwa mwelekeo wa 05, huuzuia ule wa kulia usiondoke. Mzunguko huo unabaki juu ya barabara. Kaskazi nayo ikikupiga usoni huirudisha yote miwili kuelekea kwako, hivyo ongeza nafasi. Ndiyo maana asubuhi tulivu naihofia kuliko alasiri ya upepo mkali, ambao huivunja upesi.

Hatua ya 4: Ghairi kutua ungali juu. Ukishakubali kuifuata jeti kwa macho, kujitenga nayo ni jukumu lako, si la mnara wa waongozaji. Ukichelewa kughairi utapanda chini ya njia yake, nayo hupanda kwa mwinuko kuliko wewe, hivyo mizunguko inakushukia. Sogea upande unakotoka upepo, umjulishe mwongozaji.

Na ikiwa jeti imeghairi kutua, au imegusa ikapaa tena, hesabu barabara nzima kuwa chafu, yaani ina mizunguko. Subiri dakika 2.