Lizi ya Gari Inapokwisha: Namna ya Kuchagua Sedani ya Kifahari Itakayofuata

Mwongozo huu unawahusu wanaoishi Marekani na wanaokodi sedani za kifahari zenye mwendo wa kimichezo, yaani magari ya kundi la BMW 3 Series, Mercedes-Benz C-Class, Audi A5, Lexus IS na Genesis G70, ambao mkataba wao wa kukodi kwa miaka mitatu, yaani lizi, unakaribia mwisho. Kazi yangu ni kuandaa mikataba hii, na wateja wangu wengi ni watu wa Afrika Mashariki na Kongo waliohamia Minnesota. Karibu kila mmoja huja akiwa ameshalinganisha bei zilizobandikwa viooni na nguvu za injini, lakini hajagusa mambo mawili yanayoamua atalipa kiasi gani: thamani ambayo kampuni ya fedha, mmiliki wa gari wakati wote wa mkataba, inakadiria gari litabaki nayo mwisho wa mkataba (thamani ya masalio), na riba iliyofichwa ndani ya malipo ya kila mwezi. Hatua zifuatazo zimepangwa ili mambo hayo mawili yasikupite.

Hatua ya 1: Pima thamani ya gari ulilonalo

Anza miezi minne kabla ya tarehe ya mwisho. Fungua mkataba wako utafute bei ya kulinunua gari muda utakapokwisha, ambayo kwa kawaida ni thamani ya masalio iliyopangwa siku ulipotia sahihi, pamoja na ada ndogo ya ununuzi ikiwa imetajwa. Bei hiyo haibadiliki hata soko likipanda au kushuka. Kisha omba makadirio ya bei kutoka kwa wanunuzi wa magari yaliyotumika, kama vile CarMax na Carvana, na kutoka kwa maduka mawili ya chapa yako. Ikiwa mkataba unasema dola 27,000 na soko liko tayari kutoa 30,500, una dola 3,500 ambazo ukirudisha funguo kimyakimya zitabaki kwa kampuni ya fedha. Mwaka 2021 na 2022, bei za magari yaliyotumika zilipopanda kwa kasi, watu wengi waliokuwa na mikataba ya zamani walikuwa na faida kubwa ya namna hii bila kujua.

Kuna kizuizi cha kuangalia. Tangu mwaka 2021 kampuni nyingi za fedha zinazomilikiwa na watengenezaji zimekataza gari la lizi kuuzwa moja kwa moja kwa mnunuzi wa nje. Piga simu uulize waziwazi. Ukiambiwa haiwezekani, bado unazo njia mbili: duka la chapa hiyohiyo linaweza kulichukua gari na kuihesabu faida yako kwenye mkataba mpya, au wewe mwenyewe ulinunue kisha uliuze, ukikumbuka kwamba katika majimbo mengi utatozwa kodi ya mauzo kabla ya kuliuza, na kodi hiyo inaweza kuimeza faida yote. Soko likiwa chini ya thamani ya masalio, usilinunue kwa huruma. Lirudishe, kwa sababu hasara hiyo ni ya kampuni ya fedha, na ulishailipia kinga hiyo katika kila malipo ya mwezi.

Hatua ya 2: Hesabu gharama za kuagana

Gharama hizi ni tatu. Ya kwanza ni ada ya kurudisha gari, ambayo kwa chapa za kifahari huwa dola mia kadhaa, na ambayo mara nyingi husamehewa ukikodi tena gari la chapa hiyohiyo. Ya pili ni maili zilizozidi: mkataba wa maili 10,000 kwa mwaka unakupa 30,000 kwa miaka mitatu, na ukifika 34,000 kwa kiwango cha senti 25 kwa maili utadaiwa dola 1,000. Deni hilo la maili hufutika ukilinunua gari, jambo linaloweza kugeuza hesabu ya hatua ya kwanza. Ya tatu ni uharibifu. Omba ukaguzi wa awali mapema, wiki sita hivi kabla ya kurudisha, ili upate muda wa kutengeneza rimu zilizokwaruzika na mibonyeo midogo kwa fundi unayemwamini, ambaye kwa kawaida atakutoza chini ya kiwango cha kampuni. Angalia matairi pia. Mikataba mingi hudai kina cha kashata kisichopungua 4/32 ya inchi, na baadhi hudai matairi ya aina ileile gari lilikuja nayo, ikiwa ni pamoja na yale yanayoweza kutembea bila upepo.

Hatua ya 3: Punguza orodha kwa kuangalia maisha yako

Magari haya yanafanana kwenye karatasi kuliko yanavyofanana barabarani. BMW 330i na Mercedes-Benz C 300 zote zina injini ya turbo ya lita 2.0 yenye nguvu za farasi 255. Audi imeiondoa A4 katika soko la Marekani na nafasi yake kuchukuliwa na A5 kuanzia modeli ya 2025, yenye nguvu za farasi 268 na mfumo wa kuendesha magurudumu yote manne kama kitu cha kawaida. Genesis G70 ya 2.5T inatoa 300, na Lexus IS 350 bado inatumia injini ya V6 ya lita 3.5 isiyo na turbo, yenye nguvu za farasi 311. Kwa anayetaka zaidi ya hapo, BMW M340i yenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja ndiyo ninayoiona kuwa imekamilika kuliko nyingine zote katika kundi hili, kwa ulaini wa injini yake na kwa jinsi giaboksi inavyoielewa nia ya dereva.

Jiulize nani anakaa nyuma na nini kinaingia kwenye buti. Hapa tofauti ni kubwa. Buti la 3 Series lina takribani futi za ujazo 17, wakati la Lexus IS halifiki 11, na viti vya nyuma vya IS na G70 vinambana mtu mzima mwenye miguu mirefu. Mwenye watoto wawili wenye viti vyao, au anayepokea wageni uwanja wa ndege wakiwa na masanduku makubwa, asijidanganye kwa urembo wa Lexus. A5 ina mlango wa nyuma unaoinuka pamoja na kioo, na kwa familia hilo ni jambo la maana ambalo wauzaji hawalitaji vya kutosha.

Kwa sisi tunaoishi kwenye theluji, swali la magurudumu manne huja mapema, lakini swali la matairi linatangulia. Matairi ya kiangazi, ambayo hufungwa kwenye baadhi ya matoleo ya kimichezo, hupoteza mshiko joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, na gari la magurudumu manne lenye matairi hayo ni hatari zaidi mwezi Januari kuliko gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma likiwa na matairi ya baridi. Ujue pia kwamba Lexus IS 350 ya magurudumu manne inatumia giaboksi ya gia sita badala ya nane, na utalisikia hilo unapoingia barabara kuu.

Dhamana ina uzito mdogo kwenye lizi ya miaka mitatu kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa BMW, Mercedes-Benz, Audi na Lexus zote hutoa miaka minne au maili 50,000. Dhamana ndefu ya Genesis, miaka 10 au maili 100,000 kwa injini na giaboksi, ina faida kwa anayekusudia kulinunua gari baadaye. Matengenezo ya kawaida bila malipo, ambayo BMW na Genesis huyatoa kwa miaka mitatu au maili 36,000, yana faida ya moja kwa moja kwako. Uyahesabu.

Bakiza magari mawili, au matatu ukishindwa kabisa.

Hatua ya 4: Yaendeshe siku moja, njia moja

Panga majaribio yote ndani ya siku moja, na uchague njia yako mwenyewe: barabara mbovu unayoipita kila siku, maegesho ya kazini, na kipande cha barabara kuu. Hakikisha magari yana rimu za ukubwa ule ule utakaokodi, kwa sababu rimu ya inchi 19 kwenye mashimo ya lami iliyopasuliwa na barafu hutoa gari tofauti kabisa na ya inchi 18. Zima redio. Badilisha joto la ndani gari likiwa linatembea, uone kama unalazimika kuondoa macho barabarani. C-Class na 3 Series za sasa zimehamishia kazi nyingi kwenye skrini, wakati Lexus IS imebakiza vitufe vingi vya kubonyeza. Kaa kiti cha nyuma. Muuzaji akisema hawezi kukupa zaidi ya mzunguko wa dakika kumi, nenda duka jingine la chapa hiyohiyo.

Hatua ya 5: Omba hesabu kwa masharti yanayofanana

Hii ndiyo hatua ninayoomba uisome mara mbili. Mwandikie kila muuzaji ukitaka hesabu ya miezi 36, maili 10,000 kwa mwaka, bila kianzio, na mtake ataje vitu vinne: bei ya gari mliyokubaliana, ada ya kuanzisha mkataba, asilimia ya thamani ya masalio, na kigezo cha riba. Kigezo hicho huandikwa kama desimali ndogo sana. Kizidishe kwa 2,400, upate riba ya mwaka kwa makadirio.

Malipo ya mwezi yana sehemu mbili. Sehemu ya uchakavu ni bei ya mkataba ukitoa thamani ya masalio, kisha gawanya kwa miezi. Sehemu ya riba ni bei ya mkataba ukijumlisha thamani ya masalio, kisha zidisha kwa kigezo. Tuchukue mfano wa magari mawili ya kubuni. Gari la kwanza limebandikwa dola 52,000. Mmekubaliana 48,500, na ukiongeza ada ya dola 925 bei ya mkataba inakuwa 49,425. Masalio ni asilimia 58 ya bei iliyobandikwa, yaani 30,160, na kigezo ni 0.0021, sawa na riba ya takribani asilimia 5. Uchakavu ni dola 535 kwa mwezi, riba ni 167, jumla 702 kabla ya kodi. Gari la pili limebandikwa 49,000. Mmekubaliana 46,000, na kwa ada ileile bei ya mkataba ni 46,925. Masalio yake ni asilimia 51, yaani 24,990, na kigezo ni 0.0028. Uchakavu ni 609, riba ni 201, jumla takribani 811. Gari lenye bei ndogo kwa dola 3,000 dirishani linakugharimu karibu dola 3,900 zaidi kwa miaka mitatu, ingawa muuzaji wake amekupunguzia bei kwa ukarimu.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1976 kuhusu mikataba ya kukodi vitu kwa walaji inalazimisha mkataba uonyeshe bei, masalio na jumla ya malipo ya riba, lakini hailazimishi kigezo kutajwa. Muuzaji akikificha, kitafute mwenyewe: chukua jumla ya malipo ya riba, gawanya kwa idadi ya miezi, kisha gawanya tena kwa jumla ya bei ya mkataba na masalio. Katika mfano wa kwanza, dola 6,017 zikigawanywa kwa 36, kisha kwa 79,585, zinaleta 0.0021. Kikizidi kile ulichoambiwa na kampuni ya fedha ya mtengenezaji, duka limeongeza faida yake humo, na unaweza kudai nyongeza hiyo iondolewe.

Kuna jambo moja zaidi la kulitambua. Mtengenezaji akitaka gari litoke haraka, hupandisha thamani ya masalio juu ya matarajio ya soko. Gari kama hilo ni zuri sana kukodi na ni baya kulinunua baada ya miaka mitatu, maana bei ya kulinunua itakuwa imepanda vilevile. Kwa hiyo amua leo kama utalirudisha au utabaki nalo, na uchague mshindi kwa uamuzi huo.

Hatua ya 6: Ongeza yaliyoachwa nje, kisha tia sahihi

Pata bei ya bima kwa namba ya chasisi ya kila gari, si kwa jina la modeli. Uliza kodi ya jimbo lako inatozwaje: majimbo mengi hutoza kila malipo ya mwezi, lakini Texas hutoza asilimia 6.25 ya bei ya gari zima, na gharama hiyo kwa kawaida humfikia mkodi. Taja kwa kila muuzaji punguzo la mteja anayebaki na chapa na lile la mteja anayetoka kwa mshindani, kwa kuwa ni nadra kutajwa bila kuulizwa.

Usitoe kianzio kikubwa ili kupunguza malipo ya mwezi. Gari likiharibika kabisa katika ajali mwezi wa pili, bima na kinga ya pengo (inayolipa tofauti kati ya malipo ya bima na deni lililobaki) vitailipa kampuni ya fedha deni lake, lakini kianzio chako hakitarudi.

Siku ya kurudisha gari la zamani, piga picha za pande zote, za matairi na za kipima maili, hakikisha funguo zote mbili zimekabidhiwa, futa simu na anwani zako kwenye mfumo wa gari, na usiondoke dukani bila stakabadhi yenye tarehe, namba ya chasisi, idadi ya maili na sahihi ya aliyelipokea. Itunze mpaka taarifa ya mwisho ya kampuni ya fedha ikufikie ikionyesha salio la sifuri.